Mwongozo Kamili: Kujenga Jamii ya Wanachama Ndani ya Tovuti kwa Moduli za Drupal

Tovuti nyingi zina msemaji mmoja. Mwenye tovuti anaandika, wengine wanasoma na kwenda zao. Siku unapotaka wasomaji hao wafahamiane, waunde vikundi, wafuatiliane na kuandikiana, kazi inabadilika, kwa sababu sasa unawapa watu uwezo wa kuwafikia watu wengine. Kwa hiyo kila moduli hapa chini, yaani kipande cha programu kinachoiongezea tovuti uwezo, nitaipitisha kwenye maswali matatu: nani ataona, nani ataruhusiwa kutenda, na nani ataweza kuzuia. Moduli ambayo huna majibu yake yote matatu, usiiwashe.

Nimechagua Drupal, mfumo huria wa kujengea tovuti, kwa kuwa yenyewe ilizaliwa ndani ya jamii ndogo. Mwaka 2000, Dries Buytaert na Hans Snijder, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Antwerp nchini Ubelgiji, waliunganisha bweni lao kwenye intaneti, na Dries akatengeneza tovuti ya ndani ambako wakazi waliachiana habari. Januari 2001 msimbo wake ukatolewa kwa umma. Mpaka leo akaunti, nyadhifa, ruhusa na maoni vimo ndani ya kiini cha mfumo, na moduli zinajengwa juu ya msingi huo. Ukiwa na WordPress, mfumo mwingine wa kujengea tovuti, moduli ya BuddyPress itakupa wasifu, urafiki, vikundi na mkondo wa shughuli kwa pamoja. Hatua za kule ni tofauti, ila maswali matatu ni yaleyale.

## Hatua ya 1: Taja kitendo kimoja

Kabla ya kufungua kompyuta, andika sentensi moja inayosema mwanachama atakuja kufanya nini. "Atauliza swali la kazi yake na kujibiwa na wenzake." "Atajiunga na kikundi cha somo lake na kupakua maandalizi." Sentensi hiyo ndiyo itakayoamua moduli zako. Ya kwanza inahitaji maoni, ufuatiliaji na taarifa. Ya pili inahitaji vikundi na faili za siri, na huenda isihitaji kabisa ujumbe wa faragha.

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika kuhusu ushiriki usiolingana katika jamii za mtandaoni: takribani watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiye anayeandika sehemu kubwa ya yaliyomo. Uwiano hutofautiana kati ya jamii na jamii, lakini picha yake inafaa kupangia kazi. Wape wale 90 kitendo chepesi, kama kubofya "fuatilia" au "asante", badala ya kuwasubiri waandike makala.

## Hatua ya 2: Andaa karakana na uchague moduli kwa jicho kali

Anza na Drupal 10 au 11. Drupal 11 ilitoka Agosti 2024 na inahitaji PHP 8.3 (PHP ni lugha ya programu iliyotumika kuandika Drupal). Jihadhari na maelekezo yaliyoandikwa kwa Drupal 7, ambayo msaada wake ulikoma tarehe 5 Januari 2025, maana moduli nyingi zilizotajwa humo zimebadilika au hazipo tena. Vilevile moduli ya Forum, ya jukwaa la majadiliano, iliyokuwa sehemu ya kiini kwa miaka mingi iliondolewa katika Drupal 11. Sasa inapakuliwa peke yake.

Fanya kazi kwenye nakala ya majaribio, siyo kwenye tovuti ambayo watu wanaitumia. Moduli huletwa kwa Composer (chombo cha kupakua vipande vya programu) na kuwashwa kwa Drush (chombo cha kuendesha Drupal kwa amri za maandishi):

`composer require drupal/flag`
`drush en flag`
`drush cex`

Amri ya mwisho inahifadhi mipangilio yako katika faili unazoweza kuziweka kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya faili. Lete moduli moja, iwashe, ipange, ijaribu, hifadhi, ndipo ulete nyingine. Ukiwasha sita kwa mpigo na ukurasa ukagoma, hutajua ni ipi iliyogoma.

Kabla ya kuleta moduli yoyote, soma ukurasa wake katika drupal.org kwa makini. Tazama kama ina alama ya ngao inayoonyesha kuwa inasimamiwa na kikosi cha usalama, lini ilisasishwa mara ya mwisho, inatumiwa na tovuti ngapi, na kama walezi wake wanatafuta wa kuwasaidia. Matoleo ya alfa na beta hayatolewi matangazo ya usalama hata kama mradi una ngao. Moduli ya jamii inabeba majina, anwani na mazungumzo ya watu, kwa hiyo hapa ukali haudhuru.

## Hatua ya 3: Akaunti na nyadhifa

Fungua `/admin/config/people/accounts`. Utakutana na njia tatu za usajili: msimamizi pekee kufungua akaunti, mgeni yeyote kujiandikisha, au mgeni kujiandikisha kisha kusubiri idhini. Kwa miezi ya mwanzo napendekeza ya tatu, pamoja na uthibitisho wa barua pepe. Utawajua wanachama wako wa kwanza, na hao ndio watakaoweka desturi ya mahali hapo.

Tengeneza wadhifa mpya wa Mratibu. Mpe ruhusa ya kuhariri maandishi ya wengine, kusimamia maoni na kuona ripoti, lakini usimpe ruhusa ya kubadili mipangilio wala ya kugawa nyadhifa. Kisha fungua `/admin/people/permissions` na upitie safu ya watumiaji walioingia, mstari kwa mstari. Inachosha, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Kagua pia miundo ya maandishi. Mwanachama wa kawaida abaki na muundo wenye tagi chache za HTML. Muundo wa HTML kamili unamruhusu mtu kupachika msimbo utakaofanya kazi ndani ya kivinjari cha kila anayesoma ukurasa wake, na kwa njia hiyo kuteka akaunti za wengine, ya msimamizi ikiwemo.

## Hatua ya 4: Wasifu

Kiini cha Drupal kinakuruhusu kuongeza sehemu za kujaza kwenye akaunti ya mtumiaji: picha, maelezo mafupi, ujuzi. Kwa jamii nyingi hizo zinatosha. Leta moduli ya Profile pale tu mtu mmoja anapohitaji wasifu zaidi ya mmoja, kwa mfano wa mwalimu na wa mwanafunzi, kila mmoja ukiwa na sehemu zake.

Usiombe usichokitumia. Tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu zikikusanywa bila sababu, siku data itakapovuja utakuwa umewaumiza watu kwa ajili ya kitu ambacho hata wewe hukukihitaji. Na kumbuka kwamba ruhusa ya kutazama wasifu wa watumiaji ikiachwa wazi kwa wageni, injini za utafutaji zitaorodhesha majina ya wanachama wako wote.

## Hatua ya 5: Kufuatilia, kwa moduli ya Flag

Flag ni ndogo, lakini mambo mengi ya jamii yanasimama juu yake. Inamwezesha mtu kuweka alama kwenye kitu: makala, maoni, mtumiaji mwingine. Maana ya alama unaiamua wewe. Inaweza kuwa "fuatilia", "hifadhi", "nitahudhuria", "imenisaidia" au "ripoti".

Unapotengeneza alama utaulizwa kama ni ya kila mtu binafsi au ya tovuti nzima. Ya binafsi inahesabiwa kwa kila mtumiaji peke yake, na ndiyo inayofaa kwa kufuatilia. Ya tovuti nzima ina hali mbili tu, imewekwa au haijawekwa, kama vile "makala teule" inayowekwa na mratibu. Kisha chagua namna kiungo kitakavyofanya kazi. Kwa alama nyepesi tumia AJAX, ili ukurasa usijipakie upya. Kwa ripoti tumia fomu yenye sehemu ya kujaza, ili anayeripoti aeleze sababu.

Baada ya hapo ingia kwenye Views, chombo cha Drupal cha kutengenezea orodha na kurasa, ongeza uhusiano na alama yako, uweke kuwa ya mtumiaji aliyeingia, na utakuwa na ukurasa wa "Ninavyofuatilia" bila kuandika msimbo. Ukurasa huo mmoja humpa mtu sababu ya kurudi kesho.

Ukitaka kura na nyota, Voting API ndiyo inayohifadhi kura, na moduli kama Fivestar au Rate hujenga vitufe juu yake. Ningeziacha kwanza. Jamii changa yenye kura tatu chini ya kila maandishi inaonekana tupu kuliko isiyo na kura kabisa.

## Hatua ya 6: Vikundi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo siri za watu huvuja. Moduli ninayoipendekeza ni Group. Organic Groups iliitangulia na ndiyo iliyojenga groups.drupal.org, lakini kwa tovuti mpya Group ndiyo njia rahisi zaidi, katika toleo la 3.

Washa Group pamoja na moduli-ndogo yake ya Group Node, kisha tengeneza aina ya kikundi katika `/admin/group/types`. Mwanzoni aina mbili zinatosha: kikundi cha wazi na kikundi cha faragha. Usiunde aina moja yenye swichi ya "faragha" ndani yake. Ruhusa hufuata aina, na ukichanganya utajikuta unaandika kanuni za pembeni zisizoisha.

Elewa vizuri tabaka tatu za nyadhifa za Group. Tabaka la watu wa nje ni mtu aliye kwenye tovuti lakini si mwanachama wa kikundi. Tabaka la ndani ni mwanachama. Yote mawili hufungamanishwa na wadhifa wa tovuti, yaani unaweza kusema "Mratibu wa tovuti, akiwa nje ya kikundi, bado anaweza kukiona". Tabaka la tatu ni wadhifa anaopewa mtu mmojammoja ndani ya kikundi fulani, kama vile kiongozi wa kikundi. Kwa kikundi cha faragha, mtu wa nje mpe ruhusa ya kuomba kujiunga tu (ruhusa hii huletwa na moduli ya ziada ya Group Membership Request). Mwanachama aone na aandike. Kiongozi apokee maombi, aondoe watu na afute maandishi.

Kisha sakinisha aina za maandishi zitakazoingia kwenye kikundi. Utaulizwa andiko moja linaweza kuwa katika vikundi vingapi. Weka 1. Andiko likiwa katika kikundi cha faragha na cha wazi kwa wakati mmoja, utahitaji kueleza kwa nini mtu ameliona, na maelezo hayo hayatamridhisha aliyeliandika.

Sasa mitego. Kagua yote minne:

1. Ruhusa ya jumla ya kutunga maandishi. Mwanachama akiwa nayo, anaweza kupita `/node/add`, ukurasa wa jumla wa kuandika, na kuandika nje ya kikundi chochote, na andiko lake litaonekana na kila mtu huku akidhani lipo kikundini. Ondoa ruhusa hiyo ya jumla kwa aina za maandishi ya vikundi, ubakize ile ya ndani ya kikundi.

2. Orodha za Views. Katika mipangilio ya hoja kuna kisanduku cha kuzima ukaguzi wa ruhusa kwenye SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata). Baadhi ya watu hukitia alama ili orodha iende haraka. Kikitiwa alama, vichwa vya maandishi ya faragha vitaonekana na wote.

3. Utafutaji. Kama unatumia moduli ya utafutaji ya Search API, faharasa yake inaweza kuonyesha kipande cha andiko la faragha kwenye matokeo hata kama ukurasa wenyewe umefungwa. Tafuta neno lililo ndani ya kikundi cha faragha ukiwa umeingia kama mtu wa nje.

4. Faili. Hili husahaulika kuliko yote. Faili ikihifadhiwa kwenye folda ya umma, yeyote mwenye kiungo ataifungua bila kuulizwa kitu, hata akiwa hana akaunti. Weka `$settings['file_private_path']` ndani ya `settings.php`, ielekeze kwenye folda iliyo nje ya mzizi wa tovuti, futa kashe (nakala za muda ambazo Drupal huzitunza ili iende haraka), kisha chagua hifadhi ya faragha kwenye mipangilio ya sehemu ya faili. Fanya hivyo kabla faili ya kwanza haijapakiwa, kwa kuwa sehemu ikishakuwa na data chaguo hilo hufungwa.

## Hatua ya 7: Taarifa

Watu hawarudi kwenye tovuti kwa kukumbuka tu. Wanarudi kwa kuitwa. Familia ya moduli za Message ndiyo inayoshughulikia hilo. Message yenyewe huhifadhi tukio ("fulani amejibu andiko lako") kwa kutumia kiolezo unachokiandika. Message Notify hulituma kwa barua pepe. Message Subscribe hutazama alama za Flag ili kujua nani anafuatilia nini. Hii ya mwisho inahitaji mistari michache ya PHP katika moduli yako ndogo ili kuiita tukio linapotokea. Kama huna mtu wa PHP, anza na ukurasa wa Views uliotajwa katika hatua ya 5 na uache barua pepe kwa baadaye.

Andika violezo kwa lugha ya mtu anayezungumza na mtu. Taja nani amefanya nini, weka kiungo kimoja kinachokwenda moja kwa moja kwenye andiko, na kingine cha kusitisha taarifa hizo. Kwa kikundi cha faragha, usiweke maandishi yenyewe ndani ya barua pepe. Weka kichwa cha habari tu, au hata hicho ukiache, kwa kuwa barua pepe husomwa kwenye simu ambazo hupitia mikono mingi.

Usimtumie mtu barua pepe kwa kila jibu. Message Digest hukusanya taarifa za siku au wiki na kuzituma pamoja, na ningeufanya muhtasari wa siku kuwa chaguo la awali kwa kila akaunti mpya.

Barua pepe isiyofika ni sawa na isiyotumwa. Weka rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli, kwenye jina la tovuti yako, na utume kupitia huduma maalumu ya kutuma barua pepe (SMTP) badala ya PHP ya seva. Tangu Februari 2024, Gmail inamtaka yeyote anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa watumiaji wake awe na zote tatu, na barua za matangazo na za kujiandikisha ziwe na njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja. Yahoo nayo ilianza masharti ya namna hiyo wakati huohuo. Hata kama unatuma barua chache, weka zote tatu mapema.

Jambo dogo linalowashangaza wengi: kazi za ratiba za Drupal, zikiachwa kama zilivyo, hufanyika kila baada ya saa 3, na hapo ni mpaka mtu atembelee tovuti. Taarifa zilizopangwa foleni zitangoja. Weka ratiba halisi kwenye seva:

`*/15 * * * * cd /njia/ya/tovuti && vendor/bin/drush cron`

## Hatua ya 8: Ujumbe wa faragha

Moduli ya Private Message hufanya kazi hii vizuri, lakini itazame kwa yale maswali matatu kabla ya kuiwasha. Nani ataona? Wahusika wa mazungumzo. Nani atatenda? Ukiiacha wazi, akaunti iliyofunguliwa dakika tano zilizopita inaweza kumwandikia mwanachama yeyote. Nani atazuia? Hapo ndipo pagumu, kwa kuwa mratibu haoni kinachoendelea humo ndani, na hastahili kuona.

Mpangilio ninaoupendekeza: tengeneza wadhifa wa "mwanachama aliyethibitishwa", mpe huo tu ruhusa ya kuanzisha mazungumzo, na uutoe kwa mkono baada ya mtu kushiriki hadharani kwa muda. Hakikisha anayeandikiwa ana njia ya kumzuia mwandishi na ya kuripoti ujumbe. Kama huwezi kumpa njia hizo mbili, usiwashe ujumbe wa faragha. Wanaosumbuliwa kwenye faragha mara nyingi huondoka bila kusema neno, na hutajua ni kwa nini.

## Hatua ya 9: Taka na ripoti

Tovuti ikifungua usajili, roboti hufika. Moduli ya Honeypot ni mwanzo mzuri kwa sababu haimsumbui binadamu. Huweka sehemu isiyoonekana ambayo roboti huijaza, na hukataa fomu iliyotumwa kwa haraka kupita kiasi, ndani ya sekunde 5 usipobadili. Kumbuka kwamba kikomo hicho cha muda huzuia kashe ya kurasa zenye fomu hiyo, kwa hiyo kitumie kwenye usajili na usikiweke kwenye fomu iliyopo kila ukurasa. Kiini chenyewe hudhibiti majaribio ya kuingia: makosa 5 kwa akaunti moja ndani ya saa 6, au 50 kutoka anwani moja ya IP ndani ya saa 1.

Kwa ripoti, rudi kwenye Flag. Tengeneza alama ya binafsi ya "Ripoti" yenye sehemu ya sababu, kisha jenga kwa Views ukurasa wa waratibu unaopanga yaliyoripotiwa kwa idadi. Usiweke kanuni ya kuficha andiko likifikisha ripoti kadhaa. Watu watano wakikubaliana wanaweza kumnyamazisha mtu asiye na kosa. Acha binadamu aamue, na aamue upesi. Andika hadharani ndani ya saa ngapi ripoti itajibiwa, kisha uitimize ahadi hiyo.

## Hatua ya 10: Jaribu ukiwa watu watano

Akaunti namba 1 ya Drupal kwa kawaida inapita kila mlango. Ukijaribu tovuti kwa akaunti hiyo, kila kitu kitaonekana sawa, nawe hutakuwa umejaribu chochote. Leta moduli ya Masquerade ili uvae akaunti za wengine, na Devel ili moduli-ndogo yake ya Devel Generate ikutengenezee watumiaji na maandishi ya mfano. Devel iondoe kabla ya kuzindua.

Pita kila ukurasa ukiwa mgeni asiyeingia, ukiwa mwanachama wa tovuti asiye wa kikundi, ukiwa mwanakikundi, ukiwa kiongozi wa kikundi na ukiwa mratibu. Kwa kila mmoja, bandika anwani kamili ya andiko la faragha na ya faili yake kwenye kivinjari. Usitosheke kwa kuwa kiungo hakionekani kwenye menyu.

Kuhusu kasi, fahamu kwamba kashe ya kurasa nzima inawahudumia wageni tu. Wanachama walioingia wanategemea Dynamic Page Cache na BigPipe, ambazo zimo ndani ya kiini. Ziache zimewashwa, na usizime kashe ya orodha za Views ili kutibu tatizo la muda.

Baada ya uzinduzi, Jumatano ndiyo siku ambayo matangazo ya usalama ya Drupal hutoka kwa kawaida. Panga mtu wa kuyasoma siku hiyo na kusasisha baada ya kuchukua nakala rudufu.

## Hatua ya 11: Panga namna ya kuondoka

Kabla ya kufungua milango, amua nini kitatokea mwanachama akitaka kwenda. Kwenye mipangilio ya akaunti Drupal inakupa njia nne: kufunga akaunti na kuacha maandishi, kufunga akaunti na kuyaficha maandishi, kufuta akaunti na kuyapa maandishi jina la mtu asiyejulikana, au kufuta vyote. Kwa jamii ya maswali na majibu napendekeza ya tatu, kwa kuwa majibu yaliyowasaidia wengine yanabaki bila jina la aliyeondoka. Kwa vikundi vya faragha, hasa vya afya au familia, ya nne ndiyo yenye heshima. Mpe mwanachama ruhusa ya kufuta akaunti yake mwenyewe, kisha fungua akaunti ya majaribio, iingize kwenye vikundi, iandikie ujumbe, iwekee alama, uifute, na uchunguze hifadhidata kuona kilichobaki. Kila kilichobaki bila wewe kukikusudia, kishughulikie kabla mwanachama wa kwanza hajajiandikisha.